Je, Fedha ya Darasa la Watoto Wadogo Imepotea?

Likizo iliyopita kulikuwa na mkutano wa wazazi kijijini kwetu, nami niliitwa niandike maneno ya mkutano, maana mwandishi wa siku zote alikuwa mgonjwa. Neno lililowakusanya lilikuwa moja tu: darasa la watoto wadogo lililo barazani pa kanisa liendelee, au lifungwe? Darasa hilo lina watoto 28 na mlezi mmoja, mama mwenye uvumilivu mwingi. Kila mzazi hutakiwa kutoa shilingi 20,000 kwa muhula, nazo ndizo mshahara wa mama huyo, pamoja na chaki na unga wa uji. Lakini wazazi wengi walikuwa hawajatoa, na mlezi alikuwa hajapata kitu kwa miezi miwili.

Mzee mmoja akasimama akasema, "Nimepita pale asubuhi nyingi. Nimewakuta wanaimba, wanapanga mawe, wanacheza na vizibo vya chupa. Kuimba hata nyumbani wataimba, tena bure. Fedha hiyo tuiweke kwa ajili ya wale wa sekondari, ambao elimu yao yaonekana." Watu wakampigia makofi, na baba yangu alikuwa mmoja wao. Mimi niliyaandika maneno yale kama yalivyosemwa, wala sikufungua kinywa, kwa sababu mkutano ulikuwa wa wazee na kazi yangu ilikuwa kalamu. Shauri likaahirishwa mpaka mkutano wa mwisho wa mwaka.

Tangu siku ile sikupata raha. Mimi ni mmoja wa hao "wa sekondari" ambao mzee alitaka wapewe fedha ile. Ningeweza kunyamaza nikafaidika. Lakini niliporudi shuleni niliomba ruhusa ya kutumia maktaba jioni, nikatafuta jibu la swali hili: fedha itumiwayo kwa mtoto wa miaka mitatu au minne yapotea, au yarudi? Niliyoyapata nawaletea ninyi wanafunzi wenzangu, na ninyi kaka zetu mliotutangulia, katika somo hili.

Kwanza nianze na hesabu ya nyumbani. Nina umri wa miaka 19, nami niko kidato cha nne, ambamo wenzangu wengi wana miaka 16 au 17. Miaka hiyo mitatu niliipoteza katika shule ya msingi. Darasa la kwanza nililisoma mara tatu, na la nne mara mbili. Sikuwa mtoro, wala sikuwa mgonjwa. Nilifika shuleni nikiwa na miaka sita, nami sijawahi kushika penseli, wala kukaa na watoto wasio wa nyumbani kwetu, wala kusikiliza mtu mzima akieleza jambo mpaka mwisho. Tulikuwa zaidi ya tisini katika chumba kimoja. Mwalimu aliponiita jina mbele ya wote nililia, na kwa kuwa nililia sikuitwa tena.

Hapa Uganda serikali ilianza mpango wa elimu ya msingi bila karo mwaka 1997, lakini kila mzazi ajua kwamba mtoto haendi shuleni kwa mikono mitupu. Kuna sare, daftari, kalamu na chakula cha mchana. Nilimwuliza Baba mwaka mmoja wangu ulimgharimu kiasi gani, akakadiria shilingi 90,000. Basi miaka mitatu niliyorudia ilimla shilingi 270,000. Mdogo wangu wa kike alikaa barazani pa kanisa miaka miwili, kwa shilingi 60,000 kila mwaka, jumla 120,000. Sasa yuko darasa la sita, wala hajarudia hata darasa moja. Na katika hesabu hii sijatia miaka mitatu nitakayochelewa kuanza kazi na kumsaidia Baba.

Mtu aweza kusema, "Basi hesabu imekwisha, darasa lina faida." Hapana, haijakwisha. Huenda mdogo wangu ana akili kuliko mimi. Tena alikuwa na kaka aliyekwisha kujua kusoma, ambaye alimfundisha herufi jioni, na kaka huyo ni mimi. Mtoto mmoja na mtoto mwingine si ushahidi. Ili tujue kweli, sharti tupate watoto wengi wa hali moja, tuwagawe makundi mawili bila kuchagua, kundi moja lipate darasa na jingine lisipate, kisha tungoje mpaka wawe watu wazima. Kazi hiyo yataka uvumilivu wa miaka mingi. Hata hivyo imefanywa.

Ilifanywa katika mji wa Ypsilanti, jimbo la Michigan, huko Marekani, kuanzia mwaka 1962. Mwenye kuianzisha aliitwa David Weikart. Walichaguliwa watoto 123 wa Wamarekani weusi, wote wa nyumba maskini, ambao walihesabiwa kuwa wataanguka shuleni. Waligawanywa kwa njia ya kurusha sarafu: 58 wakapata darasa, na 65 hawakupata. Fikirini jambo hili la sarafu, maana ndilo moyo wa somo. Sarafu haimjui mwenye akili, wala mwenye mama hodari, wala mwenye kaka wa kumfundisha herufi. Ikiwa baadaye makundi hayo mawili yatatofautiana sana, tofauti hiyo hatuwezi kuihesabu kuwa ni ya ukoo au ya bahati ya nyumbani.

Darasa lenyewe halikuwa la ajabu. Watoto wa miaka mitatu na minne walikuja asubuhi kwa saa mbili na nusu, siku tano za juma, na wengi wao walikaa miaka miwili. Mwalimu mmoja alikuwa na watoto watano au sita tu. Hawakukaririshwa herufi kutwa nzima. Kila mtoto aliulizwa anataka kufanya nini, akakifanya, kisha akaeleza alivyokifanya. Tena kila juma mwalimu alikwenda nyumbani kwa mtoto, akakaa na mama na mtoto kwa muda wa saa moja na nusu.

Mwanzoni watu walifurahi, kwa kuwa watoto wa darasa lile walipata alama za juu katika mitihani ya akili. Lakini baada ya miaka michache ya shule ya msingi tofauti ile ilififia ikaisha. Wengi wakasema kama alivyosema mzee wetu: fedha imepotea. Lau hesabu ingefungwa siku hiyo, neno lao lingekuwa ndilo la mwisho. Watafiti hawakuifunga. Waliwafuata watoto wale mpaka wakafika miaka 40.

Tazameni yaliyoonekana katika taarifa iliyotolewa mwaka 2005. Katika kila watu 100 waliopata darasa, 65 walimaliza shule ya sekondari kwa utaratibu wa kawaida. Kwa wale wasiopata, ni 45. Walipofika miaka 40, waliokuwa na kazi ni 76 katika 100 upande mmoja, na 62 upande wa pili. Waliopata mshahara wa dola 20,000 au zaidi kwa mwaka ni 60 upande mmoja, na 40 upande wa pili. Waliokamatwa na polisi mara tano au zaidi ni 36 upande mmoja, na 55 upande wa pili.

Basi alama za mtihani zilififia, lakini mtu hakufifia. James Heckman, mwanauchumi wa Chicago aliyepata tuzo ya Nobel mwaka 2000, aliichunguza sana habari hii pamoja na wenzake. Walionyesha kwamba darasa lile liliwajenga watoto katika tabia zaidi kuliko katika alama: kukaa na wenzao bila ugomvi, kujizuia, kushika kazi. Mambo haya hayaandikwi katika ripoti ya muhula, lakini mwajiri huyaona tangu siku ya kwanza. Nami nilipoyasoma nilikumbuka wale watoto wa barazani na vizibo vyao vya chupa. Mtoto anayengoja zamu yake ya kushika kizibo anajifunza jambo ambalo mimi, nikiwa na miaka sita, nilikuwa silijui.

Sasa tuje kwenye fedha. Darasa la Ypsilanti liligharimu dola 15,166 kwa kila mtoto, kwa thamani ya dola ya mwaka 2000. Faida iliyohesabiwa mpaka watu wale walipokuwa na miaka 40 ni dola 244,812. Gawanyeni, mtaona kwamba kila dola 1 ilirudisha dola 16 na senti 14. Tena wenye hesabu hawakujipendelea. Walizipunguza fedha za miaka ya mbele kwa asilimia 3 kila mwaka, kwa kuwa shilingi utakayopewa baada ya miaka thelathini haina thamani ya shilingi iliyo mkononi leo.

Lakini mwanafunzi mwema haoni namba kubwa akaruka kwa furaha. Huuliza imetoka wapi. Sehemu kubwa ya faida ile ilitokana na kupungua kwa uhalifu: magereza, mahakama, polisi, na hasara ya walioibiwa au kuumizwa. Huko Marekani kumweka mtu gerezani kuna gharama kubwa sana. Kijijini kwetu gharama hiyo ni ndogo, kwa hiyo tusitazamie kumi na sita kwa moja. Heckman na wenzake walipoifanya hesabu upya mwaka 2010, kwa ukali zaidi, walipata faida ya asilimia 7 mpaka 10 kila mwaka. Yaonekana ndogo, lakini ifanyieni hesabu ya riba ya kulimbikiza. Shilingi 100,000 kwa asilimia 7 huwa 107,000 baada ya mwaka mmoja, 114,490 baada ya miwili, na baada ya miaka kumi ni karibu 197,000. Imekuwa karibu mara mbili, na mtoto wenyewe bado yuko shuleni.

Jambo jingine katika hesabu ile lilinigusa zaidi. Katika zile dola 16 na senti 14, zilizowafikia watoto wale wenyewe ni dola 3 na senti 24 tu. Dola 12 na senti 90 zilikwenda kwa watu wengine wote, yaani walipa kodi na wale ambao hawakuibiwa. Maana yake ni kwamba mtu asiye na mtoto mdogo ndiye aliyefaidika, pengine bila kujua.

Msomaji aweza kusema, "Hayo ni ya Marekani. Sisi tutapata wapi mwalimu mmoja kwa watoto sita?" Ndiyo sababu nawapeleka sasa kwenye nchi maskini zaidi, kisiwa cha Jamaika. Katika mitaa ya Kingston, miaka ya 1986 na 1987, walitafutwa watoto 129 waliodumaa kwa lishe mbaya, wenye umri wa miezi 9 mpaka 24. Nao waligawanywa bila kuchagua. Baadhi walitembelewa nyumbani saa moja kila juma, kwa miaka miwili. Aliyewatembelea hakuwa mwalimu mwenye shahada, bali mhudumu wa afya wa mtaani. Alimwonyesha mama jinsi ya kucheza na mtoto, kumsemesha, kumtajia majina ya vitu, na kumsifu. Vitu vya kuchezea vilitengenezwa kwa vyombo vilivyotupwa. Juma hili aliviacha nyumbani, juma lijalo alivibadilisha na vingine.

Miaka ishirini baadaye watoto wale walitafutwa. Taarifa iliyotolewa mwaka 2014 ilionyesha kwamba waliochezeshwa walipata mshahara uliozidi wa wenzao kwa asilimia 25, nao walikuwa wamewafikia watoto wa jirani ambao hawakudumaa tangu mwanzo. Wengine katika utafiti huo walikuwa wamepewa maziwa ya unga peke yake, na kwao faida ya namna hii haikuonekana ukubwani. Sisemi kwamba uji si kitu. Mtoto mwenye njaa hasikii. Nasema kwamba uji wataka pia mtu wa kukaa karibu na kikombe, amsemeshe mtoto.

Na karibu zaidi na kwetu ni Msumbiji, katika mkoa wa Gaza, ambako shirika la Save the Children liliwasaidia wanavijiji kufungua madarasa ya watoto wadogo katika vijiji 30. Utafiti wa mwaka 2008 na 2010 ulionyesha kwamba watoto waliosoma humo walielekea zaidi kuandikishwa shule ya msingi kuliko wenzao. Wazazi wao nao walielekea zaidi kupata nafasi ya kufanya kazi, na ndugu zao wakubwa walielekea zaidi kuwa shuleni badala ya kubaki nyumbani kulea. Hiyo ni faida ambayo haingoji miaka 40. Kijijini kwetu nawajua wasichana wawili walioacha kwenda shuleni siku za soko kwa sababu ya kubeba mtoto mgongoni.

Sitakuwa mkweli nikiacha upande wa pili. Katika jimbo la Tennessee, huko huko Marekani, watoto wa miaka minne waliopata nafasi katika madarasa ya serikali kwa kura walilinganishwa na wale waliokosa. Taarifa ya mwaka 2022 ilionyesha kwamba walipofika darasa la sita, waliopata nafasi walikuwa na alama za chini kuliko waliokosa, na makosa mengi zaidi ya nidhamu. Kwa hiyo tusidhani kwamba kila chumba chenye kibao cha chekechea kina faida. Watoto wadogo wakijazwa chumbani na kukalishwa kimya tangu asubuhi, tumewaanzishia mapema shida ile ile niliyoikuta mimi darasa la kwanza. Faida imo katika mtu mzima anayemjua mtoto kwa jina, na ana nafasi ya kumsikiliza. Kwa sababu hiyo kumkopa mlezi mshahara wake ni kuula mtaji wenyewe. Mlezi asiyelipwa ataondoka, na baraza haifundishi.

Mwezi uliopita tulipata siku chache za kurudi nyumbani. Nikamsomea Baba niliyoyaandika. Alisikiliza mpaka mwisho, kisha akasema, "Mwanangu, mimi sina mtoto mdogo sasa. Nitatoa kwa ajili ya nani?"

Nikamjibu, "Baba, kile kitalu cha kahawa ulichokitengeneza nyuma ya nyumba, kimekupa punje ngapi?"

Akacheka. Baba huweka kivuli cha majani juu ya miche, huimwagilia asubuhi na jioni, na hung'oa magugu kwa vidole ili jembe lisiiguse mizizi. Miche hiyo haitampa kitu kwa miaka mitatu hivi. Lakini hajasema hata siku moja kwamba ni afadhali aache kitalu, atie mbolea yote katika mibuni mikubwa kwa kuwa hiyo ndiyo yaonekana. Ajua kwamba mche uliopinda kitaluni hupinda shambani.

Akanyamaza kidogo, akasema, "Wale watoto 28 ndio watakaokuwa vijana hapa nikiwa mzee. Haya, peleka maneno yako mkutanoni. Lakini usiwaambie wazee watapata kumi na sita kwa moja, watasema umetumwa na wenye bahati nasibu." Nilimwahidi kwamba nitawaambia saba kwa mia, na habari ya Tennessee pia sitaificha.

Basi kaka zetu mliotutangulia, ninyi mnaorudi vijijini wakati wa Krismasi na kuombwa michango, neno langu kwenu ni fupi. Mnapoombwa mchango wa mwanafunzi wa sekondari, toeni. Nami nashukuru, maana mimi ni mmoja wa waliosaidiwa. Lakini kabla ya kuondoka, ulizeni pia watoto wadogo hukaa wapi asubuhi, na nani hukaa nao, na kama mtu huyo amelipwa. Wahenga walisema, usipoziba ufa utajenga ukuta. Mimi ni ukuta uliojengwa kwa miaka mitatu ya ziada, na Baba ndiye aliyenunua matofali.

Mkutano utakuwa mwisho wa mwaka huu. Safari hii nimeomba nafasi ya kusema, nao wamenipa dakika kumi.

Maswali ya kujipima, kwa wanafunzi wa vidato vya chini:

1. Wazazi 28 wakitoa kila mmoja shilingi 20,000 kwa muhula, kwa mihula mitatu, darasa litapata shilingi ngapi kwa mwaka? Kama wazazi 11 hawatoi, zitabaki ngapi?

2. Shilingi 60,000 zikiwekwa kwa riba ya kulimbikiza ya asilimia 10, zitakuwa ngapi baada ya miaka saba?

3. Eleza kwa maneno yako mwenyewe kwa nini sarafu ya Ypsilanti ni ushahidi bora kuliko habari ya mwandishi na mdogo wake.